Ukimlisha Shomoro, Usimlishe na Kurabu

Mwezi wa Machi huku pwani, kaskazi inapokatika na masika hayajaingia, jua huwa kali na maji huwa haba. Huo ndio wakati ndege wadogo wanapozizoea nyua zetu. Mimi huwawekea kigae cha maji na mtama kiasi chini ya mkomamanga, kisha baada ya sala ya alfajiri hukaa nikawatazama. Shomoro hutangulia, kwani hana haya. Mnana hufuata na manjano yake. Chozi mtama haumhusu. Yeye hutaka maua na maji.

Jambo hili si geni kwetu. Tangu chuoni tulifunzwa ya kuwa apandaye mti, ndege akala katika matunda yake, huandikiwa sadaka.

Lakini, ndugu wasomaji, liko la kuambizana. Anapotua kurabu, ua wote hunyamaza. Kunguru huyu wa shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji, na Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Kazi aliyoletewa aliifanya, ila hakukomea hapo: hula mayai na makinda ya ndege wadogo, hata vifaranga vya kuku havimponyoki.

Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori lilitangaza azma ya kuwaua kunguru milioni moja kwa sumu. Wako walioshangilia, wako waliosikitika. Mimi nauliza: ni nani amlishaye? Ni sisi. Makombo ya wali na matumbo ya samaki twayatupa kando ya nyumba, kisha twamlaani ndege aliyeyakuta. Sumu itamwua kurabu wa leo; jaa litamlea wa kesho.

Basi mwenye kuweka mtama uani akatupa taka nje, mkono wake wa kulia humlisha shomoro, na wa kushoto humlisha mla makinda yake. Sadaka hiyo ina ila. Tufunike taka, tufukie za samaki, na kigae tukioshe kila siku kisiwaletee ndege maradhi. Serikali za kaunti nazo ziyazoe majaa kabla hayajaoza.

Usafi ni katika imani, twaambiwa tangu utotoni. Makinda ya mnana nayo yana haki katika usafi huo.