Maelezo ya Fomu si Maisha ya Mtu

Mkimbizi anayeomba viza ya kibinadamu ya Australia hutakiwa kueleza maisha yake: alitoka wapi, alikimbia nini, kwa nini hawezi kurudi. Akishafika St Marys, magharibi mwa Sydney, huombwa kuyaeleza tena, shuleni, hospitalini, hata kwenye hafla za ukaribisho. Hatimaye masimulizi hayo hupata umbo moja: dhiki, safari, shukrani. Ni ya kweli, lakini yamekatwa kwa kipimo cha msikilizaji. Anayeyarudia miaka nenda miaka rudi huweza kuamini kwamba hayo ndiyo maisha yake yote.

Hapo ndipo fasihi inapodaiwa kazi yake. Cha kusikitisha, baadhi ya watetezi wa Kiswahili ughaibuni huizibia njia. Hudai kuwa mwandishi aliye mbali na kwao ana wajibu mmoja tu, kuwa sauti ya jamii. Kwamba kuichunguza nafsi ni anasa ya Kizungu, kwani kwa Mswahili mtu ni watu.

Hoja hiyo haina mashiko. Shaaban Robert, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na heshima yake katika fasihi ya Kiswahili haikupungua kwa hilo. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Gerezani hakuwa na hadhira. Aliandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni, akiupima msimamo wake mbele ya mateso. Mashairi hayo yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na leo ni mali ya wasemaji wote wa Kiswahili. Upweke wa kalamu haukumtenga na watu. Ndio uliomwezesha kuwaletea kitu ambacho hawakuwa nacho. Mtu ni watu, naam. Lakini watu nao ni mtu na mtu.

Kwa hiyo daftari la Kiswahili linalofunguliwa St Marys baada ya zamu ya usiku si anasa. Humo mwandishi huweza kuandika yasiyoulizwa na fomu yoyote: wivu wake, kicheko chake, hata jambo asiloweza kulishukuru. Humo ndimo anapoweza kujua anaishi kwa ajili ya nini, maana lengo la maisha halipatikani katika kujibu maswali yaliyotungwa na wengine.

Watasema watoto hawatalisoma, kwa kuwa wao hujibu kwa Kiingereza. Huenda. Lakini lisipoandikwa, watakachorithi ni nakala ya maombi ya viza. Na katika karatasi hizo mzazi wao ni mwombaji tu, hana jina la utani, wala ndoto, wala kosa.