Ukitua Riyadh peke yako, nani anajua umefika?

Umeona zile video. Msichana ana sanduku jipya, kikombe cha kahawa mkononi, maandishi "safari yangu ya kwanza peke yangu", halafu taa za Dubai usiku. Unabonyeza moyo, unaendelea na maisha.

Sasa njoo nikuonyeshe msafiri wa huku kwetu. Steji ya Litein, saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umelalia majani chai. Yeye pia ana sanduku, lakini ni la kuazima. Mamake amemletea mursik kwenye chupa ya soda, na makanga anaita abiria wa Nairobi. Hajawahi kulala Nairobi hata siku moja. Kesho kutwa atakuwa Saudia.

Huyo ni binamu yangu, na ni mimi nilimsindikiza. Mursik tuliimaliza njiani kwa sababu nilimwambia haitapita ukaguzi. Hilo ndilo jambo pekee la uwanja wa ndege ambalo mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, nililijua.

Usiseme ni tamaa. Kericho na Bomet, kazi ya kwanza ya kijana asiye na cheti ilikuwa chai: unachuma, unapimiwa kilo, unalipwa. Sasa kampuni kubwa zinatumia mashine. Mei 2023 watu walivamia mashamba Kericho na kuzichoma mashine hizo. Mwaka huohuo jopokazi la kaunti lilipendekeza mashine zichukue asilimia 60 ya uchumaji, mikono ya watu ibaki na 40. Yaani hata pendekezo la kuwalinda wachumaji liliwaachia kipande kidogo.

Upande wa pili, serikali inasukuma. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa wafanyakazi jijini Berlin. Mwisho wa mwaka huo Wizara ya Leba ikazunguka kaunti ikiandikisha vijana wa kwenda majuu. Ukitaka kujua kwa nini, fuata pesa: mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Chai yenyewe, hii tuliyofundishwa shuleni kwamba ndiyo inaleta pesa za kigeni, haifiki hapo.

Sijaja kukuambia usiende. Nani atakulipa ukibaki? Shida yangu ni nyingine. Tunahesabu wanaoondoka, tunahesabu dola zinazorudi, lakini siku za kwanza kule hakuna anayezihesabu. Na hizo ndizo siku ambazo mtu hupotea.

Binamu yangu alitua usiku, laini yake ya Kenya ikiwa imekufa. Mwajiri akaja kumchukua, pasipoti ikaingia mfukoni mwa mwajiri, gari likaondoka. Mkataba ulisema Riyadh, lakini gari lilienda saa nyingi, na mabango yote yalikuwa majina asiyoyajua.

Huku nyumbani, siku tano bila meseji. Ajenti aliyekuwa akishika simu mlio wa kwanza kabla ya safari sasa hashiki kabisa. Mamake aliweka simu kwenye kikombe dirishani, mahali pekee penye mtandao, akakaa hapo. Saa za Saudia na za Litein ni zilezile, kwa hivyo hakuweza hata kujidanganya kwamba huko watu wamelala. Siku ya sita meseji ikaingia: amefika, yuko sawa, yuko Dammam. Hiyo ni karibu kilomita 400 kutoka Riyadh, ambako ndiko ubalozi wetu uko.

Yeye alibahatika, mwajiri si mbaya. Lakini manze, sera ya nchi haiwezi kuwa bahati. Kule kuna kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Saudia ilipoulegeza Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje, na hao ndio dada zetu wengi. Kushika pasipoti ya mfanyakazi hakuruhusiwi hata na sheria za huko, lakini utamshtaki nani ukiwa hujui uko mtaa gani?

Dawa yake si ngumu. Ajenti halali ana leseni ya serikali, na leseni ina masharti. Ongeza sharti moja: ndani ya saa 72 athibitishe kwamba mtu amefika, yuko anwani gani, na ameongea na watu wake kwa sauti yake mwenyewe. Asipofanya hivyo, leseni isimame. Nazo kaunti zetu ziweke daftari la walioondoka, wadi kwa wadi. Mkulima mdogo akipeleka majani kituoni, kilo zinaandikwa na anapewa risiti. Bintiye akipelekwa Saudia, hana hata karatasi ya kuonyesha alipo.

Kabla hilo halijafanyika, jipange mwenyewe. Hakikisha ajenti yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, si kwenye WhatsApp tu. Achia familia nakala ya pasipoti, mkataba, tiketi, na jina na simu ya mwajiri. Jiandikishe na ubalozi. Kubalianeni neno moja la siri, lile ukiliandika nyumbani wajue uko taabani hata kama kuna mtu anasoma meseji zako. Na kariri namba mbili za simu, kwa sababu simu yako inaweza kuchukuliwa.

Maboyz, hii inawahusu pia. Ukiahidiwa kazi ya kompyuta Thailand au ya ulinzi Urusi, mshahara mkubwa na hakuna maswali, shtuka. Kuna Wakenya waliojikuta kwenye kambi za utapeli Myanmar, na wengine vitani Ukraine. Wao pia walipanda ndege wakidhani wanaenda kazini.

Binamu yangu bado yuko Dammam. Hutuma pesa kila mwezi, na mabati ya mamake ni mapya. Sasa mdogo wake ameanza kuniuliza pasipoti ni pesa ngapi. Nimemwambia aanze na jambo la bure: aandike namba yangu na ya mamake kwenye karatasi, bila kuangalia simu. Juzi alikosea tarakimu mbili. Tumekubaliana ajaribu tena Jumapili.