Anayenunua kwa Fedha za Wengi Ana Deni la Kuuliza

Kila Mei Mosi wafanyakazi wa Tanzania huandamana wakiwa na fulana mpya. Mgongoni ipo nembo ya chama, kifuani kaulimbiu ya mwaka, na juu ya vichwa vyao mabango yanayodai mishahara bora na ajira zaidi. Atakayegeuza ukosi wa fulana hizo akasoma lebo iliyoshonewa kwa ndani, mara nyingi atakuta kwamba hazikushonwa hapa. Mtu anadai ajira huku amevaa ajira ya mwenzake wa ng'ambo.

Hali ni hiyohiyo ifikapo 8 Machi, Siku ya Wanawake, ofisi nzima inapojipanga katika sare ya kitenge. Ni hiyohiyo msimu wa kampeni, khanga na kofia za vyama zinapogawiwa kwa malori. Ni hiyohiyo katika harusi, ambako kamati hubishana wiki nzima juu ya rangi, na hakuna hata mjumbe mmoja anayeuliza kitambaa kimefumwa wapi.

Msimamo wa gazeti hili ni huu: kuuliza bidhaa imetengenezwa wapi kabla ya kuilipia ni wajibu, na uzito wa wajibu huo unakwenda kwa kadiri ya uwezo wa mtu kuchagua. Mama mwenye shilingi elfu tano na watoto watatu wa kuvalisha, anayeinama kwenye rundo la mitumba katika soko la Karume au Manzese, hatumlaumu. Hana cha kuchagua. Anayeagiza fulana elfu tano kwa michango ya wanachama, au vitenge mia mbili kwa fungu la ofisi, hana udhuru wowote. Kwa miaka mingi tumekuwa tukimhubiria wa kwanza na kumwacha wa pili apite.

Tufanye hesabu ya fulana moja. Kilo tatu za pamba mbegu, kama inavyotoka shambani Simiyu au Shinyanga, zikichambuliwa hutoa takriban kilo moja ya pamba nyuzi. Kilo hiyo, ukiondoa kinachopotea viwandani, inatosha fulana nne au tano. Katika misimu ya karibuni mkulima amelipwa shilingi elfu moja na ushei kwa kilo ya pamba mbegu. Maana yake ni kwamba sehemu ya mkulima katika fulana moja haifiki shilingi elfu moja. Kinachobaki katika bei ya dukani ni malipo ya kusokota, kufuma, kutia rangi, kukata, kushona, kuchapa na kusafirisha. Huko ndiko mishahara iliko. Sisi husafirisha sehemu kubwa ya pamba yetu ikiwa nyuzi ghafi, kisha tunanunua nguo iliyokwisha kulipa mishahara yote hiyo katika nchi za watu. Kijana wa Bariadi anayesaka kibarua hakukosa malighafi. Alikosa mnunuzi aliyejali hatua zilizobaki.

Tuliwahi kujaribu njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, nchi iliamua kuvaa pamba yake. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo 1968 kwa msaada wa China, na majina ya Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma yakajulikana hadi vijijini. Lakini haifai kuipamba historia hiyo. Mitambo ilichakaa, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni kwa doti moja ya khanga. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, wananchi walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Hakuna anayetaka kurudi kwenye foleni. Lakini mlango uliofunguliwa ili kuondoa uhaba uligeuka mazoea ya kutouliza. Uhaba umekwisha zamani, mazoea yamebaki.

Jaribio la pili lilikuwa la serikali za kanda nzima. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua. Marekani, ambako sehemu ya mitumba hiyo hutoka, ikatishia kupunguza nafasi ya nchi hizi chini ya AGOA, mpango wake wa 2000 ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo haikulegea, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo.

Funzo lake liko wazi. Serikali inaweza kubanwa na serikali nyingine, lakini mnunuzi habanwi na mtu. Hakuna mkataba wa kimataifa unaomlazimisha mwenyekiti wa kamati ya harusi kununua kitambaa cha Guangzhou. Hakuna balozi atakayemwita katibu wa chama cha wafanyakazi kumuuliza kwa nini fulana zake zimeshonwa Dar es Salaam. Pale ambapo serikali ilishindwa kwa amri, taasisi zinaweza kufaulu kwa oda.

Anayedhani haya ni ndoto aende Arusha. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu kwa teknolojia ya kampuni ya Kijapani ya Sumitomo Chemical. Kilikuja kuajiri watu kwa maelfu, wengi wao wanawake, na vyandarua vyake vikavuka mipaka hadi nchi nyingi za Afrika. Kiwanda hicho hakikujengwa na uzalendo wa mteja mmojammoja wa dukani. Kilijengwa juu ya wanunuzi wakubwa, yaani mashirika ya afya na serikali zilizohitaji vyandarua kwa mamilioni na kuagiza kwa wingi, mwaka baada ya mwaka. Mwenye kiwanda anayejua kwamba oda itakuja tena mwakani huajiri na kununua mashine. Anayesubiri mteja apite kwa bahati hubaki na mafundi wawili na cherehani.

Sasa tuingie ofisini. Afisa ununuzi anayetafuta fulana za maadhimisho hukusanya profoma tatu. Kila profoma ina idadi, rangi, saizi, bei na namba ya mlipakodi ya muuzaji. Mstari wa nchi ilikotengenezwa bidhaa haumo. Kamati hulinganisha bei, huchagua ya chini, husaini, na mambo yamekwisha. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatoa upendeleo kwa bidhaa na kampuni za ndani, na zabuni za umma sasa hupitia mfumo wa NeST. Lakini upendeleo hauwezi kutolewa kwa kitu ambacho hakikuulizwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari zetu za manunuzi hazina safu ya swali hili. Jirani zetu Wakenya wamejaribu kwa wito wa Nunua Kenya, Jenga Kenya, na mwaka 2019 watumishi wa umma walielekezwa kuvaa nguo za Kenya siku za Ijumaa. Wito ni mwanzo mzuri. Kinachobaki wito ukishapoa ni fomu.

Kuuliza nako kunataka ujuzi, maana wapo wanaouza kwa kutegemea ujinga wetu. Wengi wameaminishwa kwamba tarakimu tatu za mwanzo chini ya bakodi, ile mistari myeusi, hueleza bidhaa ilikotengenezwa: 620 Tanzania, 616 Kenya. Sivyo. Tarakimu hizo huonyesha kampuni ilichukulia namba yake katika nchi gani, na bidhaa yenyewe yaweza kuwa imetoka popote. Alama ya TBS, shirika la viwango, nayo ni ushahidi wa ubora, si wa asili. Maneno "imefungashwa Tanzania" hayasemi kilichomo kilizalishwa wapi, na "imesambazwa na" hayasemi hata hilo. Nguo nazo zina ngazi. Mashati mengi ya Afrika Mashariki yaliyouzwa Marekani chini ya AGOA yalishonwa hapa kwa kitambaa cha Asia, kwa sababu mpango wenyewe uliruhusu. Kushonwa hapa ni ajira halali na tunaiheshimu, ila tusiihesabu kama pamba yetu. Mnunuzi makini anauliza maswali mawili: imeshonwa wapi, na kitambaa kimefumwa wapi.

Anayeandika nchi ya uongo kwenye lebo anavunja sheria. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 ipo, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kumshika. Tunaitaka tume hiyo ichukue uongo wa asili kwa uzito uleule inaoutumia kukamata dawa ya meno bandia. Muuzaji wa Kariakoo anayebandua lebo moja na kushonea nyingine humwibia mnunuzi haki ya kuchagua, na humwibia mwenye kiwanda aliyesema kweli.

Wajibu huu si chuki kwa wageni. Kiwanda kikiwa Kibaha au Shinyanga, kikiajiri watu wa hapo na kulipa kodi hapo, bidhaa yake ni yetu, mwenye hisa awe Mchina, Mhindi au Msukuma. Wala ujirani hauishii mpakani. Tangu 2005 tuko katika umoja wa forodha, na sabuni ya Mombasa au kitenge cha Jinja si mali ya adui. Ikiwa hapa hakuna, atazamwe jirani kwanza, ndipo atazamwe wa mbali. Na kama kitu hakitengenezwi popote karibu, kinunuliwe kinakopatikana bila aibu. Tunachokataa ni kununua cha mbali kwa uvivu wakati cha karibu kipo.

Wenye viwanda nao wasidhani tahariri hii imeandikwa ili wapumzike. Mnunuzi akilipa zaidi kidogo kwa khanga ya nyumbani, kisha ikachuja rangi kwenye beseni siku ya kwanza na kuchafua nguo nyingine, hatarudi, na asilaumiwe. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa makundi kadhaa ya bidhaa zilizokamilika, nguo zikiwamo, umefika asilimia 35. Ulinzi huo unalipiwa na mnunuzi kila anapofungua pochi. Anayelindwa kwa fedha za wananchi anadaiwa rangi isiyochuja, mshono usiofumuka, saizi inayolingana na namba yake, na oda inayofika siku iliyoahidiwa. Maofisa ununuzi wengi watakwambia kwamba hawakukimbilia bidhaa ya nje kwa kuipenda. Walikimbilia kwa sababu mzalishaji wa ndani aliahidi wiki mbili akaleta baada ya sherehe kupita. Malalamiko hayo ni ya kweli na hayajibiwi kwa hotuba za Sabasaba.

Wapo watakaosema kwamba bei ndiyo inayoamua, na fedha ya umma isitumike kununua ghali. Hoja hii ina uzito, nasi hatutetei bei ya kuruka. Lakini bei ya chini kwenye profoma si gharama yote. Fulana iliyotoka nje imelipa hapa ushuru na kodi za kuingizia tu. Iliyoshonwa hapa imelipa kodi ya mshahara, michango ya NSSF, umeme wa TANESCO na chakula cha mama ntilie aliye mlangoni mwa kiwanda. Serikali inayokwepa tofauti ya shilingi mia tano kwa fulana, kisha ikatafuta mabilioni ya mikopo ya vijana wasio na kazi, imebana matumizi mahali pasipofaa.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo. Kila profoma na kila zabuni ya umma ya nguo, samani, viatu na vifaa vya ofisi iwe na mstari wa nchi ilikotengenezwa bidhaa, na NeST ikatae iliyouacha wazi. Vyama vya wafanyakazi, vyama vya siasa, shule na mashirika ya dini viwatangazie wanachama wao, kabla ya kuchangisha, sare zimetoka wapi. Na wanachama wawe na haki ya kugoma kuchanga wasipoambiwa. TBS iwafundishe wananchi kusoma lebo, ili mwenye alama ya ubora asijifanye ana cheti cha uraia. Wenye viwanda watangaze muda wao wa kupokea na kukabidhi oda, na wautimize.

Nawe msomaji mwenye mshahara, unayeingia dukani ukiwa na uwezo wa kuchagua kati ya vitu viwili, wajibu wako ni mfupi. Geuza lebo, usome. Kama haisomeki, muulize muuzaji kwa sauti inayosikika na wateja wengine. Akijibu hajui, mwambie utarudi akishajua. Muuzaji akiulizwa hivyo na wateja kumi kwa siku, naye atamuuliza anayemletea mzigo, na anayemletea mzigo atalazimika kutafuta jibu. Asiyeuliza kabisa, na hali uwezo wa kuuliza anao, asitulie sebuleni jioni kulalamika kwamba vijana wa mtaani kwake hawana kazi.