Mgeni wa Siku Ngapi?

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeiandika kwenye insha tangu shule ya msingi mpaka imechuja. Lakini kuna swali ambalo sijaona likitahiniwa popote: je, mgeni akishapewa jembe akalima, akazaa na kuzika hapo, ni siku ya ngapi anakoma kuitwa mgeni?

Swali hili lilinijia muhula wa kwanza, tulipokuwa tukichagua mwenyekiti wa chama. Msichana mmoja wa darasa letu, Mnubi wa kutoka Makina, alisimama kuwania. Kiswahili chake kinatiririka kama maji, hata walimu wanajua. Kabla hajamaliza kuomba kura, kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Huyu ni wa Sudan, aende akasimame kwao!" Darasa zima likaangua kicheko. Akashindwa vibaya. Na kwa kuwa ninaandika ukweli, niseme tu: mimi pia nilicheka.

Sasa tazameni kinaya chenyewe. Babu zake waliletwa hapa wakiwa askari wa Mwingereza katika jeshi la King's African Rifles, wakapewa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Hata jina la Kibera ni la Kinubi, kibra, yaani msitu. Baba yangu naye alitoka Vihiga akafika hapa Kianda mwaka wa 1998, akiwa na mkoba mmoja na jina la binamu yake. Kama mambo ni ya foleni, basi mgeni ni mimi, na karibu wote waliocheka wako nyuma yangu.

Ndipo nikaanza kusoma habari za hayati Pio Gama Pinto. Katika vitabu vyetu vya Historia anapita mbio kama matatu isiyotaka abiria. Alizaliwa papa hapa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Goa, pwani ya India, iliyokuwa koloni ya Wareno. Baba yake alifanya kazi katika serikali ya kikoloni. Akiwa mdogo alipelekwa India kusoma, na huko huko akaanza kuwachokoza Wareno kwa siasa, mpaka ikambidi arudi Kenya mwaka wa 1949 kabla hajakamatwa.

Angeweza kutulia, bana. Wakoloni walikuwa wamepanga watu kama ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwenye kusimama katikati hana haja ya kuitikisa ngazi. Pinto aliitikisa. Aliandika katika gazeti la Daily Chronicle, akawasaidia wapiganaji wa Mau Mau kwa siri. Mwezi wa Januari 1954 alioa. Mwezi wa Juni akakamatwa! Bibi arusi wa miezi mitano akabaki peke yake. Pinto alizuiliwa katika Kisiwa cha Manda, kule Lamu, kisha akafungiwa Kabarnet hadi 1959. Siku ya kumkamata hakuna aliyemwambia, "Wewe si wa hapa, hii haikuhusu." Wakati wa kuteswa alikuwa mwenyeji kamili.

Alipoachiliwa alianzisha gazeti la chama, Sauti ya KANU, mwaka wa 1960. Wanachama wenzangu wa Kiswahili, hilo jina mliangalie vizuri. Mwaka wa 1964 akaingia Bunge la Kenya. Huko alikuwa upande wa Jaramogi Oginga Odinga, akitaka mashamba yaliyoachwa na walowezi yawafikie wasio na ardhi. Sisi wa Kibera, ambao hata choo tunalipia, tunajua uzito wa neno ardhi. Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi kwenye lango la nyumba yake Westlands, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37. Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji hayo akakaa jela zaidi ya miaka 35, akitoka mwaka wa 2001 bado akisema hana hatia. Waliopanga hawajashtakiwa hadi leo.

Rafiki yangu mmoja, hodari wa mijadala, aliniambia, "Lakini Pinto hakupigiwa kura na raia." Ni kweli. Kiti chake kilikuwa kile maalumu kilichopigiwa kura na wabunge wenyewe. Hoja hiyo nilikaa nayo siku mbili nzima. Halafu nikamjibu: na watu wa Kisumu waliomchagua Shakeel Shabbir mwaka wa 2007, wakamrudisha mwaka wa 2017 akiwa hana hata chama? Na watu wa Embakasi Kusini waliompa Irshad Sumra kiti mwaka wa 2013? Raia wanaweza. Ni sisi wa kidato cha tatu tulioshindwa.

Mwaka huo wa 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Wengi walishangilia. Mimi nafurahi nusu. Kwani tangu 1927 hadi 2017 Pinto alikuwa nani? Wanubi nao walipewa hati ya ekari 288 za Kibera mwaka huo huo, ilhali mwaka wa 1918 eneo lililotengwa lilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Na kaka ya yule msichana, alipotimiza miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, aliulizwa katika ofisi fulani alete karatasi za babu yake. Mimi nijuavyo, hakuna mtu amewahi kumuuliza baba yangu karatasi za babu.

Jumamosi moja tulipanda matatu steji ya Olympic, tukabadilisha mjini, tukaenda hadi City Park kuliona kaburi la Pinto. Tulikuwa watatu, na huyo msichana akiwemo. Kima walitunyang'anya ndizi. Kaburi lenyewe ni la kawaida tu. Msichana alisimama pale muda mrefu, kisha akauliza, "Kumbe yeye pia alizaliwa hapa?" Sikuweza kumtazama usoni.

Muhula ujao tunapiga kura tena. Amesema hatasimama. Nimemwambia fomu ya kumpendekeza nitaijaza mimi, na siku hiyo nitakaa nyuma, pale pale walipoanzia kicheko.