Zile Seli za Kijani Zinakudanganya

Wasee, hebu tuambiane ukweli. Ingia ofisi ya teknolojia pale Westlands na utakuta timu inajiita ajaili. Asubuhi wanasimama kwa duara, ukutani kuna karatasi za rangi, kila wiki mbili toleo jipya linatoka. Halafu muulize anayejaribu programu akuonyeshe kazi yake. Atakufungulia Excel ya mistari mia tatu. Huyo ni karani wa zamani, amevaa hudi tu.

Najua juu nilikuwa karani huyo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujaribu apu ya malipo. Mistari 212, yote kijani. Tukaitoa Ijumaa. Jumatatu akapiga simu mama mmoja anayeuza vifuniko vya simu kwenye bezimenti, Luthuli Avenue. Alikuwa anatuma pesa, mtandao ukapotea, akabonyeza tena. Akakatwa mara mbili, shilingi 3,400 kila mara. Kwako hiyo ni bei ya raba za mtumba. Kwake ilikuwa stoki.

Nikarudi kwa Excel nikitafuta mstari unaouliza, "Mtandao ukipotea katikati, je?" Haukuwepo. Na hakuna mtu kwenye timu angegundua pengo hilo, juu hakuna aliyewahi kuisoma. Nani husoma mistari 212 kabla ya chai?

Siku hizi naanza na ramani ya mawazo. Si kitu kipya: Tony Buzan, Mwingereza, aliieneza kupitia BBC tangu 1974. Chukua karatasi moja, katikati andika "kutuma pesa", kisha toa matawi. Pesa: sifuri je? Zaidi ya salio je? Mtandao: ukipotea, mtu akibonyeza mara mbili? Simu: betri ikiisha kabla jibu lifike? Wakati: saa sita usiku, tarehe ikibadilika? Mtu: Ng'ang'a ataweza kujisajili, ama ile alama kwenye jina lake itaangusha mfumo?

Dakika kumi tu, na tawi lililo tupu unaliona kwa macho. Excel haiwezi kukuonyesha mstari ambao hukuuandika.

Na usidhani haya ni mambo ya apu ndogo. Machi 4, 2013, wengi wenu mkiwa bado shule ya msingi, vifaa vya kutambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi. Laptop zingine ziliisha chaji kwenye shule zisizo na stima. Pale Bomas, kura zilizokataliwa zikawa nyingi ajabu, hadi tume yenyewe ikasema kuna hitilafu ya programu iliyokuwa inazizidisha mara nane. Tukarudi kuhesabu kwa fomu za karatasi huku nchi nzima ikishikilia pumzi. Siwezi kuapa kwamba ramani ingezuia yote hayo. Lakini tawi la "stima" lingeandikwa na mtu yeyote aliyesomea shule ya kijijini, mradi tu angeulizwa.

Najua mtasema wakaguzi wanataka ushahidi, na mchoro unakaa kazi ya chekechea. Sawa, weka rekodi zako. Majaribio ya kurudiwa kila siku, ipe mashine iyafanye. Shida yangu ni kuanza na jedwali, juu jedwali linataka ujaze, halitaki ufikirie. Na nyinyi mnaochora ramani ya rangi saba mara moja halafu hamuigusi tena mpaka mradi uishe, msijifiche. Hiyo ni Excel yenye mapambo. Programu ikibadilika, ramani nayo ibadilike.

Kesho mkisimama kwa duara, weka karatasi mezani. Mpe developa kalamu. Mpe pia yule dada wa huduma kwa wateja, juu ndiye hupigiwa simu watu wakilia. Tawi ambalo nyote mlilisahau ndilo litamkata mtu nauli ya kurudi Kangemi.

Na kama bado unaamini mistari yako mia tatu, hakuna shida. Nionyeshe tu ule unaouliza kuhusu Ng'ang'a.