Simbilisi Hana Nyumba

Kufuga ni neno zito kuliko wengi wanavyolitumia. Asemaye anafuga ng'ombe amewajengea zizi. Asemaye anafuga kuku amewajengea banda. Lakini asemaye anafuga simbilisi aghalabu hakuwajengea kitu. Amewaachilia mafigani, akawatupia maganda, kisha akaliita jambo hilo ufugaji. Nasema si ufugaji. Yuko atakayenijibu kuwa watu hufuga hata ndevu, na kufuga ndevu ni kuziacha tu. Namjibu kuwa hata ndevu huchanwa.

Neno hili lawahusu hasa wakazi wa nyanda za juu za Kigoma, tokea Kasulu hata Kibondo, ambako usiku wa kiangazi una baridi na mnyama mdogo hana budi kulala ndani. Si kila kaya yenye ng'ombe au mbuzi. Simbilisi hula majani, hutaka nafasi ndogo, mimba yake huchukua siku 68 hivi, na watoto wake huzaliwa wenye manyoya na macho yaliyofumbuka. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kivu ya Kusini, kaya nyingi humfuga. Wakati wa vita, ng'ombe na mbuzi walipoporwa, huyu aliweza kufichwa. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ilipokea wakimbizi wengi wa nchi hiyo. Basi mtu wa Kasulu hana haja ya kwenda mbali kuuliza thamani ya mnyama huyu.

Wanaonipinga wana hoja tatu. Ya kwanza yasema kuwa simbilisi ni mnyama wa jikoni tangu asili yake. Ni kweli kwamba wenyeji wa milima ya Andes walimlaza karibu na moto kwa karne nyingi. Lakini katika Peru hiyo hiyo watafiti wa La Molina wamemchunguza tangu miaka ya 1960, na ushauri unaotolewa huko ni uzio wa mita 1.5 kwa mita 1, wenye ukuta wa sentimita 45, kwa dume mmoja na majike 7 hadi 10. Sababu yake si urembo. Jike huweza kushika mimba kabla ya kutimiza miezi miwili. Akiachwa ovyo hupandwa na baba yake au ndugu yake, na kizazi hudhoofika. Paka naye hahitaji mwaliko.

Hoja ya pili ni gharama. Kizimba hiki hakihitaji kununuliwa. Mabanzi au mianzi hufanya ukuta; kipande cha ngozi kuukuu hufanya bawaba; wavu wa kuku hufunika juu. Sakafu iwe ya mbao, itandazwe maranda au nyasi kavu, maana wavu chini huumiza nyayo. Kiwe na hori la majani, na pembe moja yenye giza ya kujificha. Kiinuliwe juu ya ardhi, kiwekwe mbali na moshi. Majani mabichi yasikose, kwa kuwa simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Kinyesi kilichotapakaa jikoni ni uchafu. Kilichokusanywa kizimbani ni samadi ya bustani. Anayehesabu gharama na ahesabu na hilo.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi: kwamba simbilisi ni mchezo wa watoto, na mtu mzima hashiki nyundo kwa ajili yake. Huko Ulaya watu hufuga nyumbani degu, mnyama mdogo wa Chile aliye na udugu wa mbali na simbilisi. Hafugwi aliwe, wala hafugwi auzwe kununua daftari. Hata hivyo baadhi ya wenyewe hushika msumeno wakamjengea kizimba kirefu chenye dari juu ya dari, kwa sababu hupenda kukwea. Wakakizungushia wavu wa chuma, kwa sababu hutafuna mbao na plastiki. Wakamwekea na bakuli la mchanga wa kugaagaa. Sisemi tuige kizimba hicho. Degu hukwea, basi chake kiwe kirefu. Simbilisi hakwei, basi chake kiwe kipana. Nasema tuone haya. Mnyama wa kutazamwa amejengewa ghorofa, na mnyama awezaye kumlisha mtoto analala majivuni.

Wapo pia wanaongojea mradi uwaletee vizimba. Hao nawaacha wangoje. Msumeno, misumari na alasiri moja vyatosha. Asiyeweza kuitoa alasiri hiyo asiseme anafuga; aseme tu kwamba anao simbilisi, na paka atakapopita, hata maneno hayo hayatakuwa kweli.