Mnara Uliofichwa ni Mnara Uliovunjwa

Imani iliyoenea miongoni mwa wajenzi na baadhi ya wapangaji wa miji ni kwamba mnara wa kumbukumbu ya vita umehifadhiwa mradi haujabomolewa, na kwamba anga iliyo nyuma yake ni ya mwenye kiwanja jirani. Imani hiyo ni potofu, kwa kuwa mnara husimamishwa ili utazamwe, na ukizibwa na maghorofa huwa umevunjwa bila nyundo.

Ushahidi upo kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora, Dar es Salaam, inaposimama Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Askari huyo wa shaba nyeusi, kazi ya James Alexander Stevenson, ameishika bunduki huku singe, yaani kisu kilichochomekwa kwenye mtutu, ikielekea bandarini. Hivyo maana yake haimo katika shaba peke yake, bali pia katika mwelekeo wake.

Wapo wanaodai kwamba sanamu hiyo ni masalio ya ukoloni yasiyostahili kuzuia ghorofa hata moja. Dai hilo husahau wanaokumbukwa, ambao ni askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale ambao kikosi chao, Carrier Corps, kiliacha jina la mtaa wa Kariakoo jijini humo. Mwaka 2021, ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Asiye na kaburi lenye jina lake hana pengine pa kutazamwa.

Wala si kweli kwamba kulinda mandhari hudumaza mji. Huko Melbourne, Australia, kanuni za mipango miji hudhibiti urefu wa majengo ili Shrine of Remembrance, mnara uliozinduliwa mwaka 1934, uendelee kuonekana kutoka Mtaa wa Swanston. Hata hivyo mji huohuo umejenga Australia 108, jengo linalozidi mita 300.

Hatari ni kwamba hakuna ghorofa moja linaloziba mandhari yote, kwa hiyo kila kibali huonekana hakina madhara. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kikijaa, askari atabaki ameelekeza singe ukutani.